Bagamoyo Si Minyororo Tu: Somo la Siku Moja

Boom likitoka, haipiti wiki kabla hujaona ujumbe kwenye kundi la darasa: "Jamani, Jumamosi Bagamoyo, nani anajiandikisha?" Basi linakodiwa, spika inapakiwa, na ikifika usiku simu zimejaa picha. Mmoja kakumbatia mbuyu. Mwingine kavaa mnyororo shingoni huku anacheka. Waliobaki wote wako majini. Jumatatu ukimuuliza mtu kajifunza nini, anakujibu, "Kule kuna joto, ila samaki wao si mchezo."

Sina ugomvi na samaki, nimewala na nitawala tena. Ninachosema ni kwamba mji ule, ulio kilomita 70 hivi tu kaskazini ya Dar es Salaam, ni kama desa ambalo tumepewa bure na hatulifungui. Ndani ya siku moja, kwa miguu na bodaboda, unaweza kupita miaka mia saba ya historia ya pwani yetu. Lakini ukienda bila maswali utarudi na hadithi moja tu, ile ya minyororo. Utumwa ulikuwepo na ulikuwa ukatili, hilo halina mjadala. Tatizo ni kwamba hadithi hiyo ikisimuliwa peke yake inawafunika watu wengine wengi waliopita pale: mafundi, wafanyabiashara, wapiganaji, walimu, na zaidi ya wote wapagazi waliobeba mizigo kwa ujira.

Mimi nina sababu yangu ya kulishikilia hili. Kwetu ni Tabora. Bibi yangu alipotaka kumsifu mtu aliyeiona dunia alisema, "Huyo kafika pwani." Nilipokuwa mdogo niliona ni maneno ya wazee tu. Baadaye, kwenye kozi ya historia, ndipo nikasoma kwamba miongoni mwa Wanyamwezi wa karne ya 19 safari ya pwani ilikuwa kipimo cha kukua: kijana ambaye hajawahi kubeba mzigo hadi baharini na kurudi hakuhesabiwa bado kuwa mwanaume kamili. Sasa mtu kama huyo, aliyekwenda kwa miguu yake na kurudi na nguo za kuposea, kwa nini akifika Bagamoyo ya leo anageuka kuwa mtumwa kwenye maelezo?

Basi hili hapa somo. Beba maswali matatu, na kila ukisimama mbele ya jengo au kaburi uyaulize: Nani alijenga? Nani alilipa? Nani alibeba?

Kabla hujapanda gari

Toka mapema. Daladala za Bagamoyo zinapatikana Makumbusho, nazo hupita Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga hadi mjini. Foleni ya Tegeta ikikukamata saa tatu asubuhi, nusu ya siku imekwisha. Mkitaka kupasha moto akili njiani, mnaweza kuanzia Kunduchi, ambako kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Wengi wetu tunapita karibu yake kila wiki na hatujawahi kuyaona.

Beba kitambulisho cha chuo, kwa kuwa kwenye sehemu za kumbukumbu Mtanzania halipi sawa na mgeni, na mwanafunzi mara nyingi hupata nafuu zaidi. Beba maji, kofia, na kanga au shati la mikono mirefu, maana mtaingia kwenye misikiti ya kale, makaburi na eneo la kanisa. Ule ni mji wa watu wanaoishi na kusali. Ukitaka kumpiga mtu picha, omba kwanza.

Jambo la mwisho ambalo wengi hulisahau: uliza maji ya bahari yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita, na siku za bamvua tofauti yake ni kubwa sana. Hili si la kuogelea tu, litakuja kutusaidia kwenye historia.

Kituo cha kwanza: Kaole

Anzieni Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji. Huu ndio mji mama, uliokuwepo kabla ya Bagamoyo yenyewe. Kuna magofu ya misikiti miwili, na mkongwe zaidi hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Kuna makaburi kadhaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe zilizokuwa zimepambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958, na katika makumbusho madogo ya hapohapo mtaona vigae na vyombo vilivyookotwa.

Angalieni mawe yenyewe. Nchi yetu ina milima ya volkano kama Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai, lakini huku pwani jiwe la kujengea lilitoka baharini. Kuta ni matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Boriti za dari zilikatwa kwenye mikoko. Kwa hiyo swali la kwanza, nani alijenga, lina jibu lake hapa: walijenga watu walioijua bahari ya kwao, kwa vitu vya kwao, kabla Mreno hajafika pwani hii. Ile dhana tuliyokua nayo kwamba nyumba ya mawe lazima iwe ya mkoloni inaanza kuporomoka Kaole.

Kisha tazameni upande wa bahari. Leo kuna mikoko mizito, na maji yako mbali. Zamani vyombo vilifika karibu. Bandari ikajaa tope na mikoko, biashara ikahama, na baadaye Bagamoyo ikashika nafasi. Mji hufa hata bila kuchomwa moto. Inatosha chombo kushindwa kutia nanga.

Hapo Kaole mtaonyeshwa pia kisima kinachosemwa hakikauki, na mbuyu ambao ukiuzunguka unaongezewa miaka. Zungukeni tu, haudhuru. Lakini mwandike kwenye daftari: hiki ni kitu nilichosimuliwa, kile ni kitu nilichokiona. Tofauti hiyo ndiyo nusu ya taaluma.

Kituo cha pili: Misheni

Rudini mjini kwa bodaboda hadi Misheni. Mtaingia kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walihamia hapa kutoka Zanzibar mwaka 1868. Waliwanunua watumwa, hasa watoto, wakawaacha huru na kuwaweka katika kijiji chao. Ni kazi iliyookoa maisha ya watu. Hata hivyo mkisoma kwa makini makumbusho yaliyomo katika nyumba ya zamani ya masista, mtaona kwamba uhuru huo ulikuwa na kengele: sala, shule na kazi ya shamba kwa ratiba kali. Wale vijana waliopanda na kupalilia, majina yao hayaonekani sana ukutani. Swali la tatu, nani alibeba, liulizeni hapa pia.

Kuna mbuyu maarufu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Hapa ndipo watu hupiga picha za huzuni, wakidhani ni mnyororo wa watumwa. Simulizi la palepale Misheni ni jingine: mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa akiishi hapo alimfungia punda wake. Mti ukanenepa, mnyororo ukabaki. Ni mfano mzuri wa jinsi macho yetu yanavyoona kile tulichoandaliwa kukiona.

Kisha nendeni kwenye mnara wa kanisa la kwanza. Kwenye mnara huu, Februari 1874, ulilazwa mwili wa David Livingstone kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Alifariki Mei 1873 katika eneo ambalo leo ni Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake kulekule chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, wakiogopa wakati wote kwamba wangezuiwa njiani wakijulikana wamebeba maiti.

Fikirini hilo kidogo. Vitabu vya shule vilitupa jina moja tu. Waliobeba walikuwa Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright aliyekuwa amesomeshwa India, mpishi Halima na wenzao zaidi ya hamsini. Mwili ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alisafiri nao na kuhudhuria mazishi. Chuma na Susi hawakuwepo. Waliitwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, wakati maua ya kaburini yamekwisha kunyauka. Wengi wa waliobaki walilipwa ujira wao na kuachwa. Msafara ule ungeitwaje kama ungepewa jina la waliobeba badala ya aliyebebwa?

Kabla ya kutoka, jambo moja kwa wenzetu wa Kilimanjaro. Mapadre hawa walifika Zanzibar wakitokea kisiwa cha Réunion, kisiwa chenye volkano hai na kahawa yake. Kutoka Bagamoyo walipanda bara, na mwaka 1891 wakafungua misheni ya Kilema kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Miche ya kahawa nayo ilipanda nao. Kwa hiyo kahawa iliyowasomesha baadhi yenu ina uhusiano na ufukwe huu.

Kituo cha tatu: Mji Mkongwe

Sasa tembeeni Mji Mkongwe kwa miguu. Milango ya nakshi, mabaraza ya mawe ambayo wazee bado wanakalia jioni, nyumba nyingine nzima, nyingine zimebaki kuta. Ngome Kongwe ilianza mwaka 1860 kama nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu, kisha ikapitia mikono ya Sultani, Wajerumani na Waingereza, ikawa kambi na gereza. Boma la Wajerumani lilijengwa 1897. Karibu yake, upande wa bahari, kuna nyumba ya forodha ya 1895. Ukiyapanga majengo haya kwa miaka yake unapata picha ya nani aliyekuwa akikusanya pesa katika kila kipindi.

Swali la pili, nani alilipa, lina jibu linalowashangaza wengi. Majengo kadhaa ya hapa yana jina la Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi mzaliwa wa Zanzibar. Alikuwa akikodisha wapagazi na kuuza vifaa kwa misafara, hata ile ya wapelelezi wa Kizungu. Alipotajirika alitoa jengo Bagamoyo kwa ajili ya shule isiyobagua watoto kwa rangi wala dini, na fedha za hospitali ya Waafrika Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Wenzetu wa Muhimbili mnalitaja jina lake kila siku mnapokwenda wodi za jengo la Sewa Haji. Fedha hizo zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, zilitoka mabegani mwa wapagazi.

Sasa ingieni Caravan Serai, yaani kambi ya misafara. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, kilo 30 hivi, nje ya sufuria, mkeka na silaha yake. Kutoka Tabora ilichukua kama miezi mitatu, na njia nzima hadi Ujiji ni kilomita 1,200 hivi. Mbele alitangulia kirangozi, na nyuma walifuata wake na watoto wa baadhi ya wapagazi. Bidhaa kubwa iliyoshuka ilikuwa pembe za ndovu, na iliyopanda ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Msimu ukifika maelfu yao walipiga kambi hapa wakisubiri mzigo wa kurudi. Walijadiliana ujira, waligoma, walikimbia msafara uliowadhulumu. Ukiuliza kwa lugha ya leo, hawa walikuwa wafanyakazi.

Maneno yao bado tunayo mdomoni. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku. Leo tunaigombania kwenye semina. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara uliwalipa watawala wa njiani ili upite salama. Leo imekuwa jina la rushwa. Nawaachia wenzangu wa isimu wajadili neno lilivyoharibika au sisi tulivyoharibika.

Kijana aliyetuongoza siku ile alikuwa anaifahamu kazi yake. Alituonyesha minyororo, akatueleza mateso kwa sauti ya chini, akatusubiri tusikitike. Nikamuuliza, "Kaka, na wapagazi wa kulipwa je?"

Akacheka. "Dada, hao nawajua. Babu yangu mwenyewe alitoka bara na msafara akaoa huku. Lakini wageni wanataka minyororo. Nikianza habari za mishahara, wanaangalia saa."

"Na Watanzania?"

"Watanzania hawaulizi kitu. Wanauliza bahari iko wapi."

Hapo tulinyamaza wote. Yule kaka hakuwa anadanganya, alikuwa anauza kinachonunuliwa. Simulizi la mji linatengenezwa pia na maswali ya wanaokuja kuusikiliza, na sisi tunaokuja kwa mabasi tangu enzi hizo hatujauliza. Tulikaa naye saa nzima zaidi, akatueleza mambo ambayo sikuyaona kwenye kibao chochote.

Na haki itendeke kwa pande zote. Watumwa walipita hapa, na wengine walibaki wakifanya kazi kwenye minazi ya kandokando ya mji, hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini. Tena mpaka kati ya mtumwa na mpagazi haukuwa mstari ulionyooka: wapo watumwa waliokodishwa kubeba mizigo na kugawana ujira na mabwana zao. Lakini bandari kuu ya kusafirishia watumwa kwa upande huu wa Afrika ilikuwa Kilwa, na Bagamoyo ilisimama zaidi kwa pembe. Tangu 2006 njia nzima ya kati iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO kwa jina linalotaja vyote viwili, utumwa na pembe za ndovu. Wapagazi hawajatajwa.

Jina lenyewe

Mtaambiwa maana mbili. Ya kwanza: mtumwa alipofika hapa aliona bahari, akajua harudi tena, akaubwaga moyo wake nchi kavu. Ya pili: mpagazi alipofika hapa alitua mzigo, safari imekwisha, akaubwaga moyo, yaani akaustarehesha.

Tufanye kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili. Kitenzi ni bwaga. Tunabwaga nini katika lugha ya kawaida? Tunabwaga mzigo, tunabwaga zigo la kuni. Ni kitendo cha mtu aliyechoka kwa kubeba, anayetua kwa kishindo na kupumua. Hata kubwaga manyanga, ambako ni kuacha kazi au kujitoa, kunaanza na mtu aliyekuwa ameshika kitu mkononi. Kwa sikio langu maana ya pili inakaa vizuri zaidi na kitenzi, na inakaa vizuri pia na biashara ya mji. Lakini sikulazimishi. Maana ya kwanza imebebwa na watu wengi kwa muda mrefu, nayo ina ukweli wake wa uchungu. Ninachoomba ni kwamba mtu akikupa maana moja, umuulize ya pili.

Watu wa mji huu hawakuwa tu wa kusimuliwa, waliandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili chuoni. Maandishi yake yalikuwa msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa 1903 na Carl Velten, na mpaka leo mtafiti wa maisha ya pwani hawezi kukikwepa. Alifariki Berlin mwaka 1927. Yaani zaidi ya miaka mia iliyopita mtu wa kwetu alikuwa mbele ya darasa Ulaya. Naye Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mzima kuhusu vita vya Wajerumani kuitwaa pwani ya Mrima. Unapatikana maktaba, na mara nyingi hauna msongamano.

Vita hivyo vina alama zake hapa. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipoanza kushika pwani, watu wa Pangani, Bagamoyo na Saadani walikataa. Abushiri bin Salim na Bwana Heri waliongoza mapambano. Ikabidi Berlin imtume Hermann von Wissmann na jeshi lake mwaka 1889. Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani. Bagamoyo mtaona makaburi ya Wajerumani yaliyotunzwa vizuri na mahali palipokuwa pa kunyongea watu, karibu na ufukwe. Simameni hapo dakika moja bila simu.

Sasa bahari

Nawaruhusu mwende ufukweni. Nendeni kwanza kwenye soko la samaki wakati vyombo vinaingia. Mnada unaendeshwa kwa kasi hadi unaogopa kujikuna pua usije ukanunua jodari. Kando yake akina mama wanakaanga samaki, na ukipata mihogo na kachumbari, mambo yamekwisha.

Mama mmoja tuliyemsalimia alituuliza tumetoka wapi. Tukamwambia chuoni, tumekuja kusoma mji. "Mji unasomwaje, wanangu?" Rafiki yangu akamuuliza kwa nini hakuna meli kubwa. Akanyoosha mwiko kuelekea baharini, ambako maji yalikuwa yamekupwa na madau yamelala ubavu kwenye mchanga. "Meli ije ikae wapi? Saa hizi mtoto anatembea mpaka kwenye dau lile, hajalowa magoti."

Hilo ndilo jibu ambalo mhadhara ulilieleza kwa kurasa tatu. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, serikali ilipohamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina ambayo meli za mvuke ziliweza kuingia. Pigo la pili lilikuwa reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Behewa moja lilibeba mizigo ya wapagazi mamia. Bagamoyo ikalala.

Na sasa kuna mazungumzo ya kuiamsha. Makubaliano ya bandari kubwa eneo la Mbegani yalitiwa saini 2013, mradi ukasimama 2019, ukaanza kuzungumzwa tena 2021. Mkipita huko, ulizeni wavuvi wanafikiri nini. Maswali yetu matatu yanafaa hata kwa bandari ambayo haijajengwa: nani atajenga, nani atalipa, nani atabeba?

Mkiwa na siku ya pili

Wenye uwezo wa kulala, fuateni ngoma za TaSUBa. Ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa na sasa ni taasisi. Tamasha lake la kila mwaka hukusanya vikundi vya ndani na nje, na hata siku za kawaida unaweza kukuta mazoezi. Kaskazini, ng'ambo ya mto Wami, kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako nyika ya wanyamapori inakutana na Bahari ya Hindi. Hiyo inahitaji gari na bajeti, hivyo changeni mapema.

Kazi ya kufanya

Mkirudi, msiache somo likaishia kwenye picha. Kaeni watu watano watano mjadili haya:

1. Chagua jengo moja uliloliona. Nani alijenga, nani alilipa, nani alibeba? Ni swali lipi kibao cha pale hakikujibu?

2. Orodhesha mambo matano uliyosimuliwa na matano uliyoyaona kwa macho. Yapi yanapingana?

3. Ungepewa nafasi ya kuandika kibao kimoja kuhusu wapagazi pale Caravan Serai, kwa maneno yasiyozidi 60, ungeandika nini? Andika kweli. Kisha siku ukienda tena, mpelekee mwongozaji wako nakala.

4. Piga simu nyumbani. Muulize babu, bibi au mzee yeyote kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kwenda pwani kwa miguu, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Andika jina lake na tarehe uliyoambiwa, kabla huyo mzee hajaondoka na habari hiyo.

Mimi la nne nimeshalifanya. Bibi alinitajia jina moja, Mnyamwezi aliyekwenda mara mbili na kurudi mara mbili. Limo kwenye daftari langu, chini ya kichwa cha habari "waliobeba", na bado kuna nafasi ya mengine.